Mashimo Niliyotoboa Kwenye Gari la Ngatia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimeletewa gari ambalo sijawahi kuona maishani. Magurudumu manane! Kijani cha jeshi, pua imechongoka, madirisha ya kuchungulia tu. Limetoka mnadani Nanyuki likaja lenyewe kwa barabara kuu mpaka hapa Sagana, na wauza mahindi choma wote wa steji ya matatu wakalifuata hadi kwenye lango langu. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka juu ya mtungi wa gesi, na ndiyo kwanza nakikumbuka sasa.

Mwenyewe ni Ngatia, mwenyekiti wa ushirika wetu wa kahawa. Mtu wa siri huyo! Akinunua hata jembe atalifunika na gunia. Nikamwuliza gari hili ni la nini. Akasema la kubeba kahawa ya ng'ambo ya mto. Nikamwuliza litapitia wapi, na daraja lilienda na maji tangu mwezi uliopita? Akaangalia huku, akaangalia kule. "Fundi, wewe tengeneza. Kitu haijaiva haitangazwi."

Haya. Kazi yenyewe: kung'oa kutu, kuweka sakafu mpya, kuweka benchi mbili. Na jambo moja alilirudia mara mbili: "Maji inatuama ndani sana. Ukiosha hii gari, maji inakaa huko siku tatu. Itaoza. Ona vile utafanya."

Ati nione vile nitafanya. Mimi, Ngendo! Kuna pickup ya maziwa kutoka hapa mpaka Chaka ambayo sijaitoboa sakafu? Wamiliki wanakuja wenyewe. Wanasema wanataka matundu ya Ngendo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoboa.

Mimi huwa sipimi wala sihesabu. Namwaga ndoo ya maji ndani, nangoja yatulie. Pale yanapotuama, natoboa hapo. Yakienda yote, namwaga nyingine. Marehemu baba alinifundisha hivyo, kwamba maji yenyewe ndiyo yanajua njia ya kutoka, fundi kazi yake ni kufungua mlango.

Lakini chuma cha hili gari! Biti tatu za drili zimevunjika. Nimetoboa kwa juu, nimeingia chini nikatoboa kwa mgongo, bega linauma mpaka sasa. Mwai, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mbili na bado anamaliza chai yangu, alisema waliounda gari hili walikosea. Wameliziba kila mahali. Kweli. Tumbo lake ni kama karai kubwa, limepinda vizuri pande zote, halina upenyo. Lina plagi sita tu za shaba, zimekazwa kama za benki. Nikamwambia Mwai, nani atakumbuka kulala chini kila jioni afungue plagi sita? Hao wanajeshi hawajawahi kubeba maziwa.

Saa kumi nilimwaga ndoo ya mwisho. Ilipotea yote kabla sijahesabu mpaka tano. Nilifurahi, sitadanganya.

Mwai akaenda kupaka tumbo rangi ya lami dhidi ya kutu. Huyu mtu akishika brashi hana breki. Amepaka mpaka matundu yenyewe, mengine yameziba kabisa. Nimemgombeza. Amesema atayapitisha msumari lami ikikauka.

Ijumaa, 7 Novemba

Bati la sakafu limechomelewa. Benchi ziko ndani. Msumari wa Mwai haujaonekana bado, alikuwa na Isuzu ya Wamae, mteja wetu, tangu asubuhi.

Nimeteremka mtoni kuongea na Mama. Ndivyo tunavyofanya siku hizi: yeye anasimama kwake ng'ambo na simu, mimi nasimama huku na simu, tunaonana lakini hatusikiani bila mtandao. Ana miaka sabini na moja na anapunga mkono kama msichana wa shule. Ameniuliza nimekula. Ameniambia nimekonda. Nikamwuliza ameonaje kutoka huko. Akasema mama huona.

Halafu akaacha mzaha. Kahawa imeiva yote kwa mpigo mmoja. Kiwanda kiko huku, mashamba yako huko. Kuzunguka mpaka Karatina na kurudi ni nusu siku, na kahawa nyekundu ikifika imechacha, karani anaikataa. Kwa hivyo wanaianika kwenye magunia, inakuwa mbuni, kitu cha kuuzwa kwa aibu. Mama amelima ile miti tangu mimi sijazaliwa. Alisema jana alichuma debe mbili, akaketi kando yake, hakujua azipeleke wapi.

Nikamwambia Ngatia ana mpango, lakini ni siri. Akasema siri za Ngatia zinamzeesha kila mtu isipokuwa Ngatia.

Jumanne, 11 Novemba

Ee Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi amekuja mtu anaitwa Peterson. Mstaafu wa jeshi, mrefu, shati limenyooka, anatembea kama anakagua gwaride. Ndiye dereva wa Ngatia. Amebeba gunia. Akatoa ndani yake mapanga mawili ya feni, ya shaba, mazito. Nikamwambia, afande, feni ya injini iko sawa, hatuhitaji nyingine.

Akacheka. Akasema hizi si za injini. Ni za kusukuma maji.

"Maji gani?"

"Ya mto, fundi. Hii gari inaogelea. Chairman hakukuambia?"

Chairman hakuniambia.

Basi Peterson akanipa somo zima, amesimama kando ya lile gari na kulipapasa. Kwamba magari ya kuogelea yapo ya namna nyingi. Yapo ya jeshi kama hili, yanaingia ziwani na askari ndani na kutokea upande wa pili bila kusimama. Yapo madogo ya wakulima wa kwenye matope, mtu mmoja na mbwa wake. Kule ng'ambo ya bahari kuna mabasi kabisa ya watalii, yanatoka barabarani yanaingia mtoni, watu wanaendelea kulamba aiskrimu. Siri yote ni tumbo, alisema. Tumbo lisiwe na hata upenyo. Ndiyo maana plagi ni za shaba na zinakazwa hivyo.

Nikacheka na mimi. Nilicheka vizuri sana, kwa sauti. Kisha nikaenda chooni nikafunga mlango, nikakaa tu.

Nilipotoka nilikuwa nimeamua kusema. Kweli nilikuwa nimeamua. Lakini Ngatia alikuwa amefika, mikono nyuma, siri imeiva sasa anaweza kuitangaza: Jumamosi gari linavuka, kahawa yote ya ng'ambo itakuwa inaletwa kiwandani siku hiyohiyo, mpaka daraja lijengwe. Akamwambia Peterson, "Huyu ndiye fundi yangu. Kazi yake mimi sikagui."

Nikaokota spana, nikarudi kazini.

Miaka kumi na saba nimekuwa na gereji hapa. Nawajua watu wetu. Hawatasema Ngendo amekosea. Watasema, si tulisema mwanamke?

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Mwai. Hakuna jinsi, siwezi kuyaziba peke yangu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akakumbuka ni yeye aliyeshika ndoo, akaacha kucheka.

Tumekata bati la sakafu tena. Ngatia akapita, akauliza mbona. Nikasema naongeza nguvu chini ya benchi. Akafurahi! Akaninunulia soda!

Matundu ya nyuma tumeyaona, tumeyachomelea yote. Ya katikati pia. Nimeyasaga mpaka yamelingana, hata kwa kidole huwezi kujua. Shida ni mbele. Chini ya kiti cha dereva na benchi ya mbele Peterson ameshafunga pampu na mabomba, kwa juu huoni kitu. Kwa chini ni lami tupu, nyeusi, nene, makoti mawili ya Mwai.

Je, nilitoboa mbele?

Mwai anasema nilitoboa. Anakumbuka nimelala chali karibu na gurudumu la kushoto, namtukana. Baadaye anasema hapana, hiyo ilikuwa Isuzu ya Wamae. Mimi nakumbuka bega likiuma. Bega linauma kwa kila gari.

Nikampigia Wamae, yuko Chaka na Isuzu yake. Nikamwuliza kwa upole, je, nilikutobolea mbele? Akasema ndiyo, mbele na nyuma, na anashukuru sana, maji hayakai. Sasa hilo limenisaidia nini? Ningeweza kutoboa yote mawili.

Ndiyo hasara ya kutohesabu. Kwa mara ya kwanza nimemkasirikia baba, na yeye yuko kaburini.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumemwaga maji mbele. Ndoo nne. Tumelala chini mimi na Mwai, shavu kwa shavu na lami, tunangoja. Hakuna hata tone.

Mwai akasimama akajipangusa. Basi, kwisha, tuko sawa. Akaenda kutafuta chai.

Mimi nilibaki. Lami inaweza kushika ndoo nne. Mto una mawe. Mto unasukuma. Lami ikikwaruzwa na jiwe moja tu, na kama chini yake kuna tundu la biti namba kumi na mbili...

Peterson alikuja saa nane kukagua. Nikamwuliza kama mtu anayeongea tu: afande, tundu dogo likibaki, la ukubwa wa bolti, itakuwaje? Akasema pampu itatoa. Matundu mawili, pampu itahangaika. Akasema akiwa kijana waliwahi kusahau plagi moja kwenye mazoezi, ziwani. Gari lilizama kabla ya kufika kisiwani. Wote waliogelea kwa sababu walikuwa askari.

Akachukua daftari lake la ukaguzi. "Tumbo iko sawa, fundi?"

"Iko sawa."

Akaweka alama. Naiona ile alama mpaka sasa.

Nikwangue lami yote? Ni kuinua gari, ni siku tatu, ni kukosa Jumamosi, na ni kueleza kwa nini. Mwai ameniomba ninyamaze. Anasema hofu yangu ni ya bure, nyuma yote imeshonwa. Labda ni kweli. Labda ile ilikuwa Isuzu.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama amepiga simu saa sita. Sauti imejaa furaha mpaka simu inakwaruza.

Kina mama wa ng'ambo wamekutana. Wamepanga nani apande safari ya kwanza ya kurudi, pamoja na magunia. Wamesema apande yeye, akae mbele kabisa, kwa sababu ni binti yake ametengeneza. Yeye na wenzake watano. Kina mama sita, wote wa kanisa moja. Amefua leso. Ameuliza kama kule mbele kuna pa kushikilia.

Nikamwuliza kama yuko mwenye kujua kuogelea kati yao. Akacheka sana. "Tuogelee tukienda wapi?"

Mbele kabisa. Nikamwuliza upande gani. Kushoto kwa dereva, alisema. Peterson ndiye amewapangia.

Nimeshindwa kula. Mwai amekula sahani yangu pia, na hakunitazama usoni.

Mimi si mtu wa kulia. Nimelia leo nyuma ya kompresa, ikiwa inanguruma, ili wasisikie. Mimi ni mjinga. Nimeogopa maneno ya wanaume wa steji kuliko mto.

Jumamosi, 15 Novemba — saa mbili na nusu

Niko mtoni. Nimekuja na hiki kitabu kwa sababu mikono inataka kazi.

Watu wamejaa! Ushirika wote, kwaya, pasta na Biblia yake, watoto juu ya miti ya mikaratusi. Gari limeoshwa linang'aa. Ng'ambo kuna magunia yamepangwa na kina mama sita wamesimama kwa mstari, leso kichwani. Wa kwanza kushoto ni Mama. Anapunga mkono. Maji ni ya kahawia na yanaenda haraka kuliko jana.

Ngatia anahutubu. Hotuba imefika kwa babu yake. Bado yuko mbali.

Saa tano kasoro

Nimesema.

Pasta alikuwa ameinua mkono abariki. Peterson akatoa daftari kwa mara ya mwisho, kwa mujibu wa kazi yake, akauliza kwa sauti ya gwaride kama tumbo liko sawa. Nikafungua mdomo kusema liko sawa. Kikatoka kingine.

"Sijui."

Mkono wa pasta ukabaki hewani.

Nikaeleza yote. Ndoo, drili, lami, Isuzu ya Wamae. Kwamba nimeziba nilichoona na kwamba mbele sina hakika. Kwamba Alhamisi nilimdanganya afande. Ngatia akanisogelea polepole.

"Umetoboa?"

"Nimetoboa."

"Gari ya kuogelea?"

"Mwenyekiti, hukuniambia inaogelea. Uliniambia maji inatuama nitoe."

Mwanamke mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wengi. Na sauti ile niliyoingoja wiki nzima ikatoka nyuma, ya mwanamume, sikumwona: si tulisema hiyo si kazi ya mwanamke. Basi. Nimeisikia. Nilikuwa bado nimesimama.

Peterson hakucheka. Wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivua shati lake lililonyooka akalikunja, akalala chini ya gari na bisibisi. Nikalala kando yake nimwonyeshe. Anachokonoa lami, chuma. Anachokonoa, chuma. Nusu saa. Watu wameanza kununua njugu. Tulipofika nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto akachokonoa tena, na bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Akaiacha hapo. Akaniita jina langu kwa mara ya kwanza, bila fundi. Akasema, angalia juu ya hapa kuna nini.

Juu ya hapo kuna benchi ya mbele. Pale Mama angekaa.

Nilitoka chini ya gari nikamwita Mwai alete mashine ya kuchomelea. Ngatia aliona bisibisi, akaketi kwenye jiwe na suti yake.

Tumechomelea palepale kwa jenereta ya vipaza sauti. Mwai alishika waya, mimi nilishika moto. Nimechomelea mara mbili.

Sasa swali ni kama kuna jingine. Peterson amekwangua alipofikia. Nyuma ya mhimili wa magurudumu ya mbele bisibisi haifiki. Anasema aliyebaki wa kutuambia ni mto. Ataingia peke yake, gari tupu, kamba ya chuma nyuma imefungwa kwenye trekta, wakiona linaanza kuzama wamvute.

Nikamwambia si peke yake. Mtu lazima apige magoti mbele na tochi, bati likiwa limefunguliwa, aangalie maji yakiingia yanaingilia wapi. Mtu huyo ni yule aliyetoboa. Akafikiri. Akasema nivue buti, zinazamisha.

Saa tano na dakika ishirini

Niko ndani. Naandika juu ya goti, wanakaza kamba.

Ngatia amepanda. Amevua viatu na soksi, amekunja suruali ya suti mpaka magotini, miguu myeupe kwa kutoona jua. Ana debe la kiwandani la kupimia kahawa. Nikamwuliza anaenda wapi. Akasema kama maji yataingia, mtu atahitajika kuyachota, na yeye ndiye alinyamaza wakati wa kusema. Nikamsogezea nafasi.

Simu. Ni Mama. Kuna mtu amempigia akamweleza kila kitu, nilijua tu. Namwona kule amesimama, simu sikioni.

Akaniuliza, "Umesema mwenyewe ama wamekupata?"

"Nimesema mwenyewe, Mama."

Kisha akasema atanichapa nikifika, na kwamba wameshachuma kahawa asubuhi hii, haitangoja. "Kuja."

Peterson amewasha. Gari lote linatetemeka, mwandiko unaruka. Watu wameacha kelele. Tunateremka sasa, polepole, pua imeinama — magurudumu ya mbele yako ndani ya maji — ya pili —

Tumeinuka! Halikanyagi kitu chini.

Tochi iko nyuma ya gurudumu la kushoto. Ngatia ameshika debe kwa mikono miwili, ananiuliza naona nini. Hapa nilipopiga magoti, kufikia sasa, ni pakavu. Naangalia nyuma ya mhimili: pakavu pia, na Mama anazidi kukaribia, anapunga mkono.